Uvira: Mpiga picha aliyebakia bila lenzi atafuta moja ya kazi zote

Mpiga picha mmoja wa mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira, alirudi nyumbani na apareyi yake ya foto, lakini apareyi hiyo haikuwa na jicho. Desemba 2025, vita vilipofika mjini, alitoka kwa miguu pamoja na mke wake na watoto wanne. Apareyi ilikuwa ndani ya mfuko wa unga, imefungwa katika kitenge. Lenzi zake tatu, zile ambazo wengi hapa wanaita objektifu, zilibakia katika sanduku chini ya kitanda. Siku ya kurudi alikuta sanduku lipo, lakini ni tupu.

Kwa familia hiyo, lenzi si kitu cha anasa. Picha ndizo zilizokuwa zinalipa minervali ya watoto: ndoa, ubatizo, matanga, picha ndogo za makaratasi, na wanafunzi waliofaulu egzamen ya Serikali wakiwa wamemwagiwa poda nyeupe kichwani. Mke wake anauza ndagala sokoni. Zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika, na pesa hizo alizipanga kwa kununua tena samaki wa kuanzia biashara. Walipoziunganisha na akiba ndogo ya mume, zikawa dola 180. Zilitosha lenzi moja tu.

Mume alijua mara moja anachotaka. Kabla ya vita alikuwa na lenzi ndefu ya milimita 70 hadi 300, na kila alipoitoa vijana walikuwa wanamzunguka. Kwa hiyo akafikiri kutafuta nyingine ya kuvuta mbali. Mke wake alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Baba, watu wanakulipa kwa picha gani?"

Alikosa jibu la haraka. Lakini apareyi za kisasa zina faida moja ambayo wengi hawaijui: kila picha inahifadhi ndani yake maelezo ya namna ilivyopigwa, pamoja na milimita za lenzi wakati ule. Mdogo wake alikuwa ametunza nakala za picha za miaka miwili katika kompyuta. Walikaa jioni nzima wakifungua maelezo hayo, picha moja baada ya nyingine, na mke akaandika katika daftari la shule.

Walipitia picha 400. Zaidi ya 300 zilikuwa kati ya milimita 18 na 55. Watu wengi waliosimama pamoja, bibi na bwana harusi ndani ya chumba, jamaa kuzunguka jeneza: hizo zilikaa karibu na 18. Nyuso za watu zilikaa karibu na 50. Zilizopita milimita 200 zilikuwa 11 tu. Kati ya hizo, saba zilikuwa viboko na mitumbwi ya wavuvi ziwani. Hakuna mtu aliyewahi kuzilipia.

Daftari lilionyesha jambo la pili pia. Picha nyingi zilizoharibika zilipigwa usiku au ndani ya nyumba. Umeme ukikatika, harusi inaendelea kwa taa ndogo za sola, na watu hawaachi kucheza. Hapo ndipo tofauti ya lenzi inaonekana. Lenzi ndogo ya 18-55 inayouzwa pamoja na apareyi nyingi, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake la mwanga halizidi f/5.6. Lenzi ya 17-50 yenye f/2.8 inaingiza mwanga mara nne zaidi. Maana yake, pale ambapo ya kwanza inahitaji sehemu ya 15 ya sekunde, ya pili inatosheka na sehemu ya 60. Mtu anayecheza, katika sehemu ya 15 ya sekunde, anatoka kama moshi. Namba ndogo baada ya f ni tundu kubwa. Hilo linawachanganya wengi wanapoanza.

Katika duka moja la vitu vya okazioni, mwenye duka alimwekea lenzi tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa 18-55, kwa bei ndogo. Ya pili ilikuwa 18-135, yenye kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono. Ya tatu ilikuwa Tamron ya 17-50, f/2.8, ya zamani kidogo.

"Kaka, chukua hii ya 135," mwenye duka alisema. "Inafika karibu na mbali. Hautabadilisha lenzi tena."

Neno hilo lilikuwa na ukweli. Katika bonde la Ruzizi, wakati wa kiangazi, vumbi linaingia kila mahali, na kila ukifungua lenzi unaliachia vumbi njia ya kufika ndani ya apareyi. Tena kwa mtu anayepiga mechi za mpira au mikutano ya hadhara, 18-135 ingekuwa chaguo zuri. Lakini kifaa cha kutuliza kinasaidia mkono wa mpiga picha tu, hakimsimamishi anayecheza. Na ndani ya nyumba yenye taa moja, lenzi hiyo ikivutwa inarudi kwenye kiza kilekile cha f/5.6.

Kabla ya kutoa pesa, alikagua kama alivyofundishwa na mafuriko. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mito ya Uvira ilipofurika, maji ya matope yaliingia nyumbani kwake. Lenzi aliziokoa, akazipangusa, akadhani zimepona. Baada ya wiki kadhaa, nyuzi nyembamba nyeupe zilitokea ndani ya vioo, kama utando wa buibui. Ni kuvu, na inapenda unyevu wa pwani hii. Safari hii aliwasha tochi ya simu upande mmoja wa lenzi na kutazama upande mwingine. Alizungusha pete ya kuvuta kwa polepole, asikie kama kuna mchanga. Aliangalia vibati vya tundu la mwanga, visiwe na mafuta. Mwishoni aliifunga kwenye apareyi yake mwenyewe, kwa sababu lenzi iliyotengenezwa kwa Nikon haikai kwenye Canon, hata kama zinafanana kwa macho. Akapiga picha tano za mlango wa duka, akazikuza kwenye kioo cha apareyi, akaona herufi zimesomeka.

Alichukua ya 17-50. Ina kelele inapotafuta uso wa mtu, na haina kitulizo. Haifiki mbali. Zilibakia dola 15, akazirudisha kwa mke wake.

Kwa siku za kwanza alijutia. Gari la wageni lilifika kwenye eneo la waliohama makwao, na mmoja wao alikuwa na lenzi ndefu kama mkono. Lakini mama mmoja aliyekuwa anafua alimgeukia mpiga picha wa Mulongwe, akasema: "Wale wanatupiga toka ndani ya gari. Hata jina hawaulizi. Wewe angalau umefika kusalimia." Kwa lenzi ya milimita 50 hana njia nyingine. Akitaka uso wa mtu, anasogea hatua mbili au tatu, na kwa umbali huo salamu ni lazima. Tena lenzi fupi haishtui watu wenye silaha kwenye vizuizi vya barabara, jambo ambalo kila mpiga picha wa hapa analifikiria.

Mama huyo ndiye aliyemwita kwa kazi yake ya kwanza. Anaishi na wajukuu 11 katika chumba kimoja cha kuta za turubai. Albamu yake ya familia ilibakia kijijini, nyumba ikaungua, na hana hata picha moja ya watoto wake. Alitaka wajukuu wote waonekane, ndani ya chumba, kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha. Mpiga picha aliegemea nguzo ya mlango hadi mgongo ukagusa turubai. Alirudisha pete kwenye 17, akafungua tundu hadi mwisho, akawapanga watoto kuelekea mwanga wa mlango, wote katika mstari mmoja ili asiwepo wa kutoka na ukungu. Wa mwisho kabisa, mwenye miaka miwili, aliingia pembeni kwa nafasi ya kidole.

Bibi aliiangalia picha kwenye kioo cha apareyi, akawahesabu kwa sauti mpaka 11. Kisha akaomba nakala mbili: moja ya ukutani, na moja ya kumtumia mtoto wake aliyeko Kalemie, ambaye hajawaona watoto wake toka Desemba.