Bahari Ilikuwa Hapa Kambove

Wewe uliyezaliwa Likasi, Kambove au Kolwezi, pengine hujaona bahari hata siku moja. Lakini mawe yaliyo chini ya mji wako yalikuwa pwani. Usicheke. Uliza baba yako, kama alifanya kazi Gécamines, atakutajia majina: RAT, RSF, RSC. Hiyo RSC ni lile jiwe gumu lenye matundu matundu, linalokaa katikati ya matabaka mawili ya shaba.

Mwezi wa tano, mvua zilipokwisha, tulikwenda na vijana wa kanisa letu kuliona, kwenye kilima karibu na Kambove. Tuliomba ruhusa kwanza, maana mahali pa machimbo hapaingiwi ovyo. Aliyetuongoza ni mzee wetu mmoja, sasa yuko pensheni, aliyetembea miaka mingi na wataalamu wa mawe.

Kilima kile hakina miti. Shaba ikiwa nyingi ni sumu kwa mizizi, basi yanabaki majani na yale maua ya zambarau yanayoitwa maua ya shaba. Wazee wa zamani walifuata alama hiyo, wakachimba malakiti, wakayeyusha misalaba ya shaba kabla mzungu hajafika. Msidhani elimu ya mawe ililetwa na wageni.

Mzee akamwaga maji juu ya jiwe lililopasuka. Mistari ikatokea, myembamba, imepindapinda. Msichana mmoja akapaza sauti: “Pasta, hii jiwe iko kama kitunguu!” Ndivyo. Mistari ile ilijengwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyoishi pwani katika maji yasiyo na kina, ambako jua linafika. Matope na chokaa vikavifunika, navyo vikapanda juu kutafuta mwanga, vikafunikwa tena, tabaka juu ya tabaka. Jiwe la namna hii linaitwa stromatoliti. Viumbe vya ukoo huo ndivyo vilivyoanza kujaza anga hewa safi tunayopumua. Hata leo vinajenga mawe kama hayo huko Shark Bay, Australia. Haya yetu yana zaidi ya miaka milioni 750. Baadaye nchi ilikunjwa kama mkeka, ndiyo sababu tabaka lililolala baharini leo unalikuta limesimama.

Swali nililolingoja likaja. Kijana mmoja aliyeacha masomo ili achimbe kwa mikono akasema: “Pasta, Biblia inasema siku sita. Wewe unasema milioni. Tufuate nani?”

Wote wakanyamaza. Najua wako wanaoona swali hilo ni uasi. Mimi naliona ni swali la mtu anayetaka kubaki kanisani pamoja na akili yake. Nilimjibu kwamba kitabu cha Mwanzo kinatuambia ni nani aliyeumba na kwa nini, hakikuandikwa kutupa hesabu ya miaka. Wazee wawili hawakuridhika. Mpaka sasa tunabishana nao, kwa upendo.

Lakini mzee wetu alikuwa na neno lingine. Alishika mkono wa yule kijana, akaingiza kidole chake katika tundu la jiwe. “Unaona? Maji ilikula ndani. Kobalti inaingia mu hii matundu, njo maana munaifuata. Lakini udongo wa mule hauna nguvu. Mvua ikinyesha, ile ya juu inashuka. Usiingie.”

Nimehubiri mara nyingi juu ya mashimo. Msimu wa mvua uliopita tulizika ndugu wa mmoja wa vijana hao. Lakini siku ile niliwaona wachimbaji wanne wamemzunguka mzee, wakimwuliza mambo ambayo hawajaniuliza mimi hata mara moja: ufa wa hatari unaonekanaje, udongo ukianza kudondoka mtu anakimbilia wapi. Chakula kilipoa. Jioni tukasoma Ayubu sura ya 28, inayosema juu ya wachimbaji, na wengi walishangaa kuikuta ndani ya Biblia.

Yule kijana wa swali alirudi kuchimba Jumatatu. Ana mtoto wa kulisha. Ila shimo lile la ndani ya RSC ameliacha, na Jumapili baada ya ibada anapita kwa mzee, akiwa na jiwe mfukoni, amwulize jina lake.