Masasi: Mawe ya Mtandi na Magunia ya Korosho

Ukitokea Lindi kwa barabara ya Mingoyo, Ndanda ikishabaki nyuma, milima ya Masasi hukutokea ghafla. Si safu ya milima. Ni majabali, kila moja limesimama peke yake katikati ya nchi tambarare, kifua wazi, msitu kidogo miguuni. Mkomaindo ni mojawapo. Mtandi ni jingine, na chini yake ndipo lilipo Kanisa Kuu la Anglikana la Dayosisi ya Masasi, la Mtakatifu Maria na Mtakatifu Bartolomayo. Kwa wenyeji Mtandi ni mlima, ni mtaa, ni kanisa. Ukimwambia kijana wa bodaboda akupeleke Mtandi Jumapili asubuhi, hakuulizi la ziada.

Mimi humshauri mtu afike Oktoba. Jua kali, vumbi lipo, lakini ndio wakati korosho zinashuka, na bila korosho huwezi kuelewa kanisa hili linaishi kwa kitu gani. Chini ya mikorosho mabibo yamezagaa, mekundu na ya njano, na harufu yake tamu yenye uchachu inaingia hadi ndani ya basi. Uraka, pombe ya mabibo, unauzwa kwenye ndoo vibandani. Malori yamepanga foleni nje ya maghala, na popote penye kivuli mazungumzo ni yale yale: mnada wa wiki hii umefunga kwa shilingi ngapi.

Watu wengi wakisikia kanisa kuu la kale la Anglikana, akili inakwenda Mkunazini, Unguja. Wana haki. Askofu Edward Steere alianza kulijenga pale mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, tena juu ya uwanja wa soko lenyewe. Leo Mkunazini ina mlango wa tiketi. Mgeni analipa, anatembezwa na kusimuliwa. Jengo lilipochoka, World Monuments Fund na Umoja wa Ulaya walitia fedha, na mwaka 2016 kikafunguliwa pembeni yake kituo cha urithi kinachoeleza historia ya utumwa. Masasi ni mdogo wake Mkunazini, tumbo moja na baba mmoja, ila huyu mdogo hakujaliwa bahari wala watalii.

Na hadithi yake, kwangu mimi, ni kubwa kuliko ya kaka yake. Mwaka 1876 Steere alipitia Lindi akiongoza msafara wa watumwa waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wakiishi Zanzibar chini ya misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa). Nia ilikuwa kufika karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi walikuwa wamechoka. Hapo maji yapo, udongo ni mzuri, na nafasi ni tele. Safari ikaishia hapo. Makazi yale yalianzwa na watu waliokuwa wameuzwa, mara ya kwanza walipopata nafasi ya kusema: tunakaa hapa. Sijui mji mwingine kusini mwa Tanzania wenye mwanzo wa namna hiyo, na nashangaa kwamba hata wanaopita Masasi kila mwezi kununua korosho hawajawahi kusimuliwa.

Miaka sita haikupita kwa amani. Mwaka 1882 Wangoni, ambao wakati huo waliitwa Magwangwara, waliivamia Masasi. Waliouawa waliuawa, waliotekwa wakatekwa, nyumba zikateketea. Wamisionari na waumini wengi wakapanda uwanda wa juu wa Makonde, wakapokewa Newala kwa Sultani Matola. Baadaye misheni ikarudi chini ya Mtandi na kujenga tena. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikaifikia. Misheni ikachomwa mara ya pili. Wakajenga tena. Kwa hiyo mtu wa Mtandi akikwambia kanisa lao limejengwa kwa michango, usidhani anazungumzia paa la mwaka jana tu.

Ikumbukwe pia kwamba kazi ile haikuwa ya Wazungu peke yao. Huko Chitangali, kwa Sultani Barnaba Nakaam, aliyesimamia misheni tangu mwaka 1886 alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni. Mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza kufika daraja hilo katika UMCA. Hakuwa msaidizi wa mtu. Alikuwa na watu wake wa kuwaongoza, na shule, na makanisa ya vijijini, na hesabu za kupeleka kwa askofu.

Hesabu hizo ziliendeshwaje? Zamani fedha nyingi zilitoka Uingereza. UMCA ilikuwa na jarida lake, Central Africa, lililoanza mwaka 1883, na waumini wa kule walisoma habari za Masasi na Newala, kisha wakatoa. Wamisionari wenyewe hawakulipwa mshahara wa maana. Walipewa matunzo basi. Masasi ilipofanywa dayosisi mwaka 1926, na William Vincent Lucas kuwa askofu wake wa kwanza, mfumo uliendelea kuwa huo. Lucas anakumbukwa zaidi kwa jambo jingine: alilikubali jando, akalitia sala na padre, badala ya kulipiga vita kama misheni nyingine zilivyofanya. Ndiyo sababu mpaka leo ukiongea na wazee wa Masasi, jando na kanisa havigombani vinywani mwao.

Mwaka 1935 daktari Leader Stirling alifika Lulindi na kuanza upasuaji katika hospitali ya miti na udongo. Miaka mingi baadaye akawa Waziri wa Afya wa nchi hii. Trevor Huddleston, aliyekwisha kuwakera makaburu wa Afrika Kusini kwa kitabu chake cha mwaka 1956, alikuja kuwa askofu wa Masasi mwaka 1960 akakaa mpaka 1968. Alikuta uhuru unabisha hodi, na baadaye wakaja wakimbizi wa Msumbiji wakivuka Ruvuma. Katikati ya kipindi chake, mwaka 1965, UMCA ikaungana na shirika jingine la kimisionari la Uingereza na kuzaa USPG, na ule mfereji wa fedha ukaanza kupungua maji. Kisha shule zikataifishwa. Chidya, fahari ya elimu ya misheni hii, ikawa ya serikali. Hospitali ya Mkomaindo nayo leo ni ya serikali. Sisemi kwamba ilikuwa vibaya. Watoto wa Kiislamu na wa Kikristo walikaa dawati moja, na hilo lilihitajika. Nasema tu kwamba kanisa lilibaki na altare, kengele na waumini, na waumini ni wakulima.

Tofauti unaiona ukirudi nyuma hadi Ndanda. Watawa wa Kibenediktini pale wana hospitali, karakana na kiwanda cha uchapaji. Abasia ina mikono mingi ya kutafutia riziki. Mtandi haina. Mtandi ina mikorosho, na mingi si yake. Ni ya watu walioketi kwenye mabenchi.

Jumapili ya mavuno ndiyo siku ya kuyaona haya kwa macho. Misa ya Masasi ni misa hasa: uvumba, kengele, nyimbo zinazopokezana na kinanda, watoto wa altare waliovaa nadhifu kuliko harusini. Salamu ni "Tumsifu Yesu Kristo," na ukikosa kujibu "Milele, amina" bibi aliye karibu nawe anakutazama kwa huruma. Sadaka inapokwenda mbele, bahasha zinatangulia, kisha vitu: makopa ya muhogo, mbaazi, njugu mawe, mayai kwenye kikapu, nazi, mabeseni ya karanga. Na korosho ghafi, kijivu na kavu, kwenye vifuko vya plastiki na makopo ya rangi. Mmoja alimwaga zake, zikatawanyika kwenye sakafu, na wanakwaya wawili wakapiga magoti kuziokota moja moja. Hawakuacha hata moja. Mtu asiyejua bei ya korosho angeona ni adabu tu.

Baada ya misa vitu hivyo vinanadiwa uwanjani. Mnadishaji ni mzee wa kanisa mwenye sauti ya kupasuka na utani mwingi. Jogoo mmoja, mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge, aliuzwa mara tatu mbele ya macho yangu: anayemnunua anamrudisha mezani auzwe tena. Mama aliyeketi kwenye mkeka kando yangu, mweka hazina wa kanisa la kijijini, alikuwa anaandika kila kitu kwenye daftari la kaunta. Nilimuuliza, mama, fedha hizi zinakwenda wapi? Akanihesabia bila kuinua kichwa: sehemu ya padre, sehemu ya dayosisi, umeme, divai na hostia, mishumaa, mafundi wa bati, na misiba. Misiba haikwepeki, akasema.

Yeye mwenyewe ana mikorosho, kwa hiyo hesabu ya kanisa na ya nyumbani kwake zina kalenda moja. Kuanzia Mei shamba lazima lipuliziwe salfa, la sivyo ubwiriunga unakula maua yote. Salfa ni fedha, palizi ni fedha, na wakati huo mfukoni hamna kitu. Zamani hapo ndipo mnunuzi wa kangomba alipoingia: anakupa fedha kidogo wakati wa njaa, msimu ukifika anajaza bakuli lake mpaka linafurika na kuliita kilo. Tangu mwaka 2007 kuna stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka kwenye chama cha msingi, mzigo unakwenda ghala kuu, wanunuzi wanashindana mnadani, malipo yanapitia benki. Kangomba haijafa, lakini imepungua nguvu. Zaka ya kanisa nayo inafuata mkondo huo huo: mnada ukiwa mzuri, bahasha za Novemba ni nene.

Na ukiwa mbaya? Mwaka 2018 wakulima waligoma kuuza kwa bei waliyopewa na wanunuzi. Rais Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba mzigo. Bei ilikuwa nzuri, lakini wengi walisubiri malipo muda mrefu. Mweka hazina wa kanisa hahitaji gazeti kujua msimu ulivyokwenda, anafungua kapu. Ndiyo maana paa la kanisa kuu au mnara wa kengele haukarabatiwi mwaka unaohitajika, bali mwaka unaowezekana.

Nimesikia wanaoshauri Masasi ifuate njia ya Mkunazini: tiketi, waongozaji, duka la vinyago. Nakubali nusu. Kibao kinachoeleza 1876 kingefaa, na chumba cha kumbukumbu kingefaa zaidi, maana nyaraka nyingi za UMCA ziko Oxford; kijana wa Masasi anayetaka kusoma barua zilizoandikwa chini ya Mtandi itabidi aombe viza. Lakini tiketi mlangoni, hapana. Nyumba iliyojengwa mara tatu na wenye nayo isianze kuwauliza wageni wake kwanza kama wamelipa.

Kutoka Masasi hadi Newala ni kama kilomita sabini, na barabara inapanda. Jioni upepo wa uwandani unakukumbusha kwamba sweta haikuwa mzigo wa bure. Karl Weule, Mjerumani aliyepita hapa mwaka 1906 akichunguza mila, aliulalamikia upepo huo. Boma la Wajerumani lingalipo. Karibu nalo ni Shimo la Mungu, ukingo ambapo ardhi inakatika na jicho linaanguka hadi bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Sijaona mandhari kama hiyo popote kusini, na sina haja ya kuipamba.

Ila uwanda huu hauna maji. Mvua inazama mchangani mara tu inapoanguka, na kwa vizazi wanawake walishuka mabondeni kuchota na kupanda na mitungi kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ndio unaosukuma maji kutoka visima vya Mitema, chini kabisa, hadi juu. Newala sasa ni dayosisi yake yenyewe, iliyozaliwa na Masasi, na huko ujenzi wa kanisa una gharama ambayo mjenzi wa pwani haijui: kila ndoo ya kuchanganyia zege imepandishwa kwa mashine. Wapo wanaonung'unika kwamba korosho zile zile sasa zinalisha maaskofu wawili. Mimi naona Newala, iliyowapokea wakimbizi wa 1882, ilistahili askofu wake mapema kuliko hapo.

Barabara ya Mtwara, Newala na Masasi, kilomita 210, imekuwa ikijengwa kwa lami kipande kwa kipande. Kwa sasa magari ya kurudi Masasi alasiri ni machache na hujaa upesi. Lala Newala, na omba blanketi la pili mapema, kabla wageni wengine hawajafika.