Deni Linalosubiri Ziwa

Wazee wenzangu wa Kamembe, hapa Rwanda, tukikutana msibani au harusini, haupiti muda kabla mmoja wetu hajalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui biashara, wanajua simu tu. Mimi sikubaliani nao. Nimekaa nyuma ya meza ya duka tangu miaka ya 1980, nikiuza chumvi, sabuni, mafuta ya taa na nyuzi za kushonea nyavu, na ninayoyaona kwa vijana hawa sisi tusingeyathubutu. Msichana anapiga picha ya viatu asubuhi, anaiweka kwenye WhatsApp, na kabla ya adhuhuri ameuza jozi kadhaa kwa watu wa Bukavu ambao hajawahi kuwatia machoni. Pesa imeingia, mchukuzi amevusha mzigo mpaka wa Rusizi ya Kwanza kuingia Kongo, na mwenye mali hajatoka barazani kwao. Huyo anajua biashara kuliko nilivyoijua mimi nilipokuwa na umri wake. Asichokijua, kwa sababu hajawahi kulazimika kukijua, ni kukopesha.

Biashara ya rika langu ilisimama juu ya deni. Daftari langu la madeni, ambalo mgongo wake niliushona upya kwa uzi wa nyavu, halikuwa na majina ya kwenye vitambulisho. Niliandika Mwalimu wa Mururu, Mama Mapacha, Fundi Baiskeli, Mzee wa mtumbwi wa buluu. Pembeni ya kila jina nilitia alichochukua na siku aliyoahidi kulipa. Mwalimu alilipa mwisho wa mwezi, mkulima wa kahawa alilipa msimu wa kuuza kahawa, na wavuvi wa kisiwa cha Nkombo sikuwaandikia tarehe kabisa. Niliandika neno moja tu: giza.

Ambao hawajakaa kando ya ziwa Kivu nitawaeleza. Sambaza, wale samaki wadogo walioletwa ziwani humu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu hushushwa katikati, taa huwashwa juu ya maji, na samaki huifuata nuru. Mbalamwezi ikitanda juu ya ziwa, taa inakosa nguvu na wavuvi wanarudi asubuhi na ndoo ambazo hazijajaa. Kwa hiyo mvuvi wa Nkombo hukopa mwezi unapokuwa mpevu na hulipa usiku unaporudi kuwa mweusi. Juu ya hayo, kila mwaka serikali hulifunga ziwa kwa miezi kama miwili ili samaki wazaliane. Wakati huo nilikuwa najua kabisa kwamba chumvi na sabuni zinazotoka hazitarudi kwa sura ya pesa mpaka nyavu zirudi majini. Nilinunua bidhaa kwa kupima hilo. Nilijua nani ana mgonjwa, nani ameoza binti, mtumbwi wa nani unavuja, kwa sababu mtumbwi unaovuja ulikuwa ni pesa yangu inayozama. Tunasema dawa ya deni kulipa. Rika langu lilijua na dawa ya pili, ya yule anayedai, nayo ni kusubiri.

Simu za mkononi zilitufikia baada ya MTN kuanza kazi Rwanda mwaka 1998. Mwanzoni zilikuwa za wakubwa. Mwaka 2010 ikaja pesa ya simu, na taratibu wakala mwenye mwavuli wa njano akawa mtu wa lazima katika kila njia panda. Kisha ikaja Machi 2020. Mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona, na kwa miezi mitatu watu walitumiana pesa kwa simu bila kukatwa ada, ili wasishikane noti mikononi. Mwezi Juni, wakati sehemu nyingi za nchi zinafunguliwa, wilaya yetu ya Rusizi ikafungwa tena. Ndipo hata bibi muuza nyanya alipojifunza. Leo rafuni kwangu kimebandikwa kipande cha manila chenye namba: *182*8*1*, halafu tarakimu za duka. Mteja anabonyeza, ujumbe unalia kwangu, ameondoka. Sina chenji ya kutafuta, sina noti bandia ya kuhofia, wala sina daftari la kufungua.

Na mvuvi aliyeishiwa hanijii tena na aibu yake. Tangu 2017 ipo MoKash, na simu inampa mkopo usiku wa manane bila shahidi. Ananunua kwangu taslimu, mimi nafurahi. Ila mkopo ule unahesabu siku 30, na siku 30 hazijui kama ziwa limefungwa. Nimewaona wanaolipa mkopo mmoja kwa kuchukua mwingine, wanauza kuku, wanauza mlango wa nyumba mpya uliokuwa unangoja ukuta. Na mimi niliye jirani ya mvuvi huyo hasara hiyo hainigusi tena. Mtumbwi wake ukivuja, pesa yangu iko salama. Hapo ndipo ninapoona mabadiliko makubwa kuliko picha za viatu: muuzaji ameachiliwa asimhofie mteja wake, na aliyeacha kumhofia haulizi tena habari za nyumbani kwake.

Wazee wenzangu wakinisikia hivi hudhani nimewaunga mkono, wanaanza: zamani tulijuana! Ni kweli, tulijuana, lakini neno hilo tuliseme kwa unyenyekevu hapa Cyangugu, mji wetu huu. Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari, Watutsi wa mji huu walikusanywa katika uwanja wa Kamarampaka, wengine wakaitwa kwa majina, wakatolewa, wakauawa. Waliowaua hawakuwa wageni kwao. Walikuwa wameuziana maziwa, wamekopeshana, wamechezeana harusi. Kujuana hakukumzuia mtu. Katika daftari la mwaka ule kuna majina ambayo sikuyafuta hadi leo. Hayakuwa na mtu wa kulipa, na wala sikutaka malipo.

Baada ya hapo kukopesha lilikuwa jambo zito mno. Wakimbizi waliporudi kutoka Kongo mwishoni mwa 1996, kila aliyesimama mbele ya meza yangu nilimtazama na swali moyoni. Nilianza na kipande cha sabuni kwa huyu, kikombe cha chumvi kwa yule. Aliporudi kulipa nilimpa viwili. Kumkopesha mtu ni kukubali kwamba wiki ijayo mtakuwepo nyote wawili, na miaka ile kukubali hivyo kulihitaji nguvu. Kwa hiyo ninapolilia deni la zamani, silii kwa sababu tulikuwa wema. Nalililia kwa kuwa lilitulazimisha kutazamana tena.

Tena halikuwa la haki kwa wote. Mwenye ghala mmoja alikataa kunipa magunia ya chumvi kwa mkopo mpaka mume wangu aje kusimama nami, na mume wangu hakujua hata bei ya kilo. Simu haimuulizi mwanamke mumewe yuko wapi. Wanawake wanaovuka kila siku na mayai, nyanya na kuku kwenda Bukavu walikuwa wakirudi na pesa imefungwa kwenye kanga, wakiomba wasikutane na wezi njiani, na wengine wakikutana na mume mlangoni. Sasa pesa yao ina neno la siri. Kwa hilo peke yake ningeshukuru.

Ila mpaka umenionyesha pia simu inapofika mwisho wa nguvu zake. Mwaka 2020, mtu hakuruhusiwa kuvuka na kikapu chake. Wafanyabiashara wadogo walikusanya mizigo pamoja, lori likavuka, mnunuzi wa ng'ambo akapokea bila muuzaji kuwepo. Waliolipwa vizuri ni wale waliokuwa na mnunuzi wa siku nyingi upande wa pili. Wenye namba tu kwenye simu walipiga mpaka wakachoka. Februari 2025 waasi wa M23 walipoichukua Bukavu na benki za kule zikafunga milango, mnunuzi wangu mmoja wa huko alinitumia ujumbe wa sauti: "Mama, deni yako iko, unigojee kidogo." Nilimngoja. Alileta kidogo kidogo, mara franga za huku, mara dola. Hakuna programu iliyomkumbusha.

Mjukuu wangu, ambaye sasa tunashika duka pamoja, ameanza kukopesha watu wachache. Hana daftari, anaandika kwenye simu, na naona anauliza maswali niliyokuwa nikiuliza mimi: nyavu zimepona, mtoto amerudi shule? Simwingilii. Anajua kusoma mwezi, maana amekulia hapa.

Wanaopanga mikopo ya simu nao wangeweza kuusoma. Wanaiona kila franga inayoingia katika simu ya mvuvi wa Nkombo, na wakitazama miezi kumi na miwili tu wataona lini zinaingia na lini zinakauka. Siku za kufunga ziwa hutangazwa, si siri ya mtu. Mkopo wa mvuvi uanze kudaiwa ziwa likishafunguliwa na mbalamwezi ikiwa imepita. Hesabu hiyo haiwezi kuwashinda watu walioweza kupitisha mshahara wa mtu ndani ya simu ya kitochi.