Konde za Sennedjem

Mto Nile unaukata mji wa Luxor pande mbili. Mashariki, jua linakochomoza, Wamisri wa kale walijenga hekalu kubwa la Karnak. Magharibi, linakozama, wakawazika wafalme wao. Nilivuka kwa kivuko cha asubuhi pamoja na wachuuzi na watoto wa shule. Ndiyo safari yangu ya kwanza Misri, na nilikuwa na swali moja: watu waliotumia mali nyingi kiasi kile kujiandalia maisha ya baada ya kifo, waliyatarajia yaweje hasa?

Bonde la Wafalme halikunijibu. Kuta zake zimejaa nyoka, malango ya usiku na mungu jua akisafiri kwa mashua saa 12 za giza. Hiyo ni akhera ya mafarao. Mtu wa kawaida haoni pa kuingilia.

Jibu nililipata Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochimba na kuyapamba makaburi hayo. Siku zao za mapumziko walijichimbia ya kwao. Mmoja wao ni Sennedjem, aliyeishi enzi za Seti wa Kwanza na Ramesses wa Pili. Kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1886 likiwa bado halijaibwa kitu, na ndani walikutwa watu 20 wa ukoo wake.

Ngazi ni nyembamba, unashuka umeinama. "Angalia kichwa, binti yangu," mlinzi, mzee wa kanzu ya kijivu, aliniambia kwa Kiarabu cha polepole.

"Nimesikia, ya hajj."

Chumba ni kidogo, dari imepinda, na rangi ya manjano ni mbichi utadhani fundi kaenda kunawa mikono. Sehemu kubwa ya ukuta mmoja ni shamba. Sennedjem anaongoza plau nyuma ya ng'ombe wenye mabaka. Mkewe, Iyneferti, anamfuata akitupa mbegu. Juu yao Sennedjem anakata masuke ya ngano, mke nyuma yake. Kwingine wanang'oa kitani. Mifereji ya maji inazunguka konde zote, na chini imepangwa miti ya matunda: mitende, na mikoche ileile iliyoipa Mikocheni jina lake. Nilisimama mbele ya mikoche hiyo muda mrefu kuliko mahali pengine popote Luxor.

Kwa hiyo pepo ya fundi huyu ni kulima? Wamisri waliiita Konde za Matete, na haikuwa ya kuingia hivihivi. Kwanza moyo wa maiti uliwekwa kwenye mizani dhidi ya unyoya wa Maat, yaani haki. Moyo ulioelemewa na uovu uliliwa na Ammit, mnyama mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na kiuno cha kiboko. Mimi niliyelelewa nikisikia habari za mizani ya Siku ya Hesabu, hapo sikuhitaji mkalimani.

Ila watu haohao walizikwa na visanamu, shabti, vya kuitikia "nipo" badala ya mwenye kaburi akiitwa kazini. Hata Sennedjem alikuwa navyo. Wapo wanaoona hapa mgongano, mimi sioni. Tazama nguo zao: kitani cheupe cha sikukuu, hakina hata tone la tope. Walichokitamani ni shamba lao, maji yasiyokatika na wao wawili pamoja, bila mgongo kuuma. Mkulima yeyote wa Rufiji angetia saini.

Kinachoniuma ni kwamba ukoo huu uliojipanga kukaa pamoja milele umegawanywa. Jeneza la Sennedjem liko Cairo, la mwanawe Khonsu liko New York, katika jumba la makumbusho la Metropolitan. Mambo hayo yalifanyika kwa idhini ya serikali ya wakati ule, najua. Bado naamini baba na mwana wanastahili kurudishwa chini ya paa moja, na Cairo inatosha kuwa hapo mahali.