Ndago wa Vilima vya Mchanga

Tulipofika De Panne, pwani ya Ubelgiji karibu na mpaka wa Ufaransa, tulipanda vilima vya mchanga vya Westhoek, vilivyohifadhiwa na serikali tangu mwaka wa 1957. Upepo wa bahari ulitupiga mchanga usoni. Hapo tuliona majani mafupi yamesimama safu moja iliyonyooka, kana kwamba mtu aliyapanda kwa kufuata kamba. Wala hakuna aliyeyapanda. Ni ndugu wa ndago, yule adui wa mashamba yetu. Wataalamu humwita Carex arenaria. Shina lake hutambaa chini ya mchanga mita kadhaa, likitoa mizizi na machipukizi njiani, na hivyo mchanga hushikwa usipeperuke. Tulipapasa bua: lina pembe tatu, kama la ndago wetu. Nasi tuliozoea kumlaani tukiwa na jembe mkononi, tulipita kando tusimkanyage.