Barua kutoka Toronto: Mwajiri Naye Afundwe

Barua hii imechokozwa na tangazo la kazi kutoka ofisi moja ya huko nyumbani Dodoma, lililofika Toronto kwa WhatsApp. Mwombaji asizidi miaka 45, vyeti vya nje vihakikiwe na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), wadhamini wawe watatu. Mwombaji alete hiki, mwombaji alete kile. Mwajiri je? Yeye kazi yake kukaa kitini.

Ontario, jimbo ilimo Toronto, nako kulikuwa hivyo. Mhandisi mgeni aliambiwa alete uzoefu wa Kanada, na uzoefu huo haupatikani bila kazi. Wengine wakaishia kwenye teksi. Mwaka 2013 Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ikatamka kuwa sharti hilo kimsingi ni ubaguzi, na anayeling'ang'ania ndiye athibitishe kwamba kazi haifanyiki bila hilo. Bodi ya wahandisi ya jimbo ililifuta Mei 2023. Tangu 1 Januari 2026, mwajiri mwenye watumishi 25 au zaidi haruhusiwi hata kuliandika kwenye tangazo.

Waajiri wanafundwa pia. Shirika la TRIEC, lililoanzishwa 2003, humkutanisha mgeni na mwenyeji wa fani yake; mgeni hujua mlango wa kubisha, mwenyeji hujifunza kusoma wasifu wa mtu aliyesomea kwingine. Madereva wenye digrii bado wapo, tusidanganyane.

Dodoma humwandalia mgeni ugali wa uwele na mlenda kabla hajataja jina. Akitoa cheti cha chuo cha Guangzhou, China, nyuso zinakunjamana! Aibu iliyoje, na njia tunaijua: Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kupitia mpango wake wa SEAP, imekuwa ikiwaweka wahitimu kazini chini ya wahandisi wazoefu tangu 2003.

Basi afisa utumishi ampe mwombaji kazi ya kujaribiwa badala ya kukodolea macho mhuri. Akubali wadhamini wa nje; barua pepe inafika. Aandike kwenye tangazo ni ujuzi gani hasa unaotakiwa, na akishaajiri, ampe mgeni mwenyeji wa kumwongoza miezi ya mwanzo. Naye anayerudi nyumbani asisubiri hadi akanyage Dodoma ndipo aanze kukiomba chuo chake cha ng'ambo orodha ya masomo na alama. Huko nako kuna makarani, na wana likizo zao.