Barua kutoka Nyuma ya Mazizi

Chicago, Marekani

Ndugu zangu wanajumuiya wa Vingunguti,

Mimi ni mzima, ingawa upepo wa Ziwa Michigan unapenya hata makoti mawili. Mama Mwenyekiti, siku mliponiaga ulinituma jambo moja: nikifika huku niangalie wenzetu wa miji ya viwanda wanauishije Ukristo wao, kisha niwaandikie. Leo naitimiza ahadi.

Juzi nilipelekwa kusini mwa jiji, mtaa uitwao Back of the Yards, yaani Nyuma ya Mazizi. Mazizi yenyewe hayapo tena. Limebaki lango la mawe, na juu ya tao lake la kati kichwa cha fahali kilichochongwa. Lakini tangu Krismasi ya 1865 hadi 1971, hapa ndipo mifugo ilipomiminwa na treni kutoka mbali, ikachinjwa, nyama ikapelekwa kila upande. Sisi tuliokulia jirani na machinjio, tunaoijua harufu ya Mto Msimbazi siku ya jua kali, hatuhitaji kusimuliwa sana. Kijito cha hapa wenyeji wanakiita Bubbly Creek, kijito cha mapovu, kwa sababu damu na matumbo yaliyotupwa humo yalioza chini, gesi ikawa inatokota juu ya maji.

Waliochinja na kusafisha walikuwa wageni maskini: Waairishi, Wapolandi, Walithuania, Waslovakia, baadaye Wameksiko. Mwaka 1906 Upton Sinclair alitoa riwaya yake The Jungle, juu ya familia ya Kilithuania iliyosagwa na viwanda hivi. Wasomaji walishtushwa na uchafu wa nyama, na mwaka huohuo serikali ikatunga sheria ya ukaguzi. Nyama ikapata mtetezi. Mchinjaji akabaki na jeraha lake.

Makanisa hayakukosekana, maana kila taifa lilikuwa na parokia yake. Tatizo ni kwamba yalipeana visogo. Mpolandi hakusali kwa Mlithuania, na mapadre wao hawakuketi pamoja. Mwajiri alijua hivyo. Kabila moja likigoma, aliita jingine.

Mwaka 1939 wakatokea watu wawili. Joseph Meegan, Mkatoliki wa asili ya Kiairishi, alikuwa msimamizi wa bustani ya umma ya mtaani. Saul Alinsky alikuwa Myahudi, mzaliwa wa jiji hilihili. Walizunguka kwa mapadre, vyama vya wafanyakazi na wenye maduka, wakamsikiliza kila mmoja, kisha wakawakutanisha. Askofu Msaidizi Bernard Sheil akawaunga mkono. Mwezi wa Julai likazaliwa Baraza la mtaa, na siku hizohizo Askofu Sheil akapanda jukwaa moja na John L. Lewis, kiongozi wa wafanyakazi, mbele ya umati wa wachinjaji. Hebu wazieni maana yake kwa mama Mkatoliki ambaye mumewe aliogopa kujiunga na chama! Baraza likahangaikia kliniki ya watoto wachanga, chakula cha mchana shuleni na ajira za vijana. Parokia zilizokuwa hazisalimiani zikawa na kazi moja.

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Miaka ya 1950, watu weusi walipotafuta nyumba karibu na hapo, Baraza hilohilo lilitumia nguvu zake kuwazuia. Waliokuwa wageni jana wakamfungia mlango mgeni wa leo. Alinsky aliishi hadi kuliona hilo, na lilimuuma. Nilisimama mbele ya lile lango nikiwafikiria wapangaji wetu wanaohama kila baada ya miezi michache, ambao hatujui hata majina yao.

Mashariki yake kuna Woodlawn, mtaa wa watu weusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Chicago kilitaka kupanuka hadi humo. Mchungaji Arthur Brazier, wa kanisa la Kipentekoste, akaungana na mapadre na wazee wa mtaa kuunda umoja wao. Agosti 1961 wakazi walijaza mabasi 46 kwenda kujiandikisha kupiga kura. Baadaye chuo kilikubali kutovuka Barabara ya 61. Kusini zaidi, viwanda vya chuma vilipofungwa miaka ya 1980, makanisa yalimwajiri kijana ambaye baba yake alitoka Kenya, awaunganishe waliopoteza kazi. Huyo ndiye Barack Obama.

Kazi ya namna hiyo bado inaendelea. Jumanne jioni nilikaribishwa kwenye mkutano wa majirani, katika ukumbi wa chini ya kanisa. Walianza kwa zaburi. Kisha mama mmoja wa Kimeksiko, mfanyakazi wa usafi hotelini, akaeleza kazi yake ya mwezi: kuzitembelea nyumba kumi na mbili. Hakwenda na kipeperushi wala mfuko wa unga. Alikwenda kuuliza kitu gani kinawanyima usingizi, akanyamaza, akasikiliza. Nyumba saba zilitaja jambo lilelile: watoto wanavuka barabara ya malori bila taa. Kwa hiyo hawakumwomba padre aandike barua. Walichagua watano wa kwenda kwa diwani, wakagawana nani aseme nini, na kila mmoja akajaribu maneno yake mbele yetu. Yule mama alitetemeka mara ya kwanza. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imesimama.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichotumwa kukitafuta. Huduma ya Kanisa katika mji wa viwanda haiishii kwenye sadaka anayopewa maskini. Inamfikisha mahali anaposema mwenyewe na kusikika, akiwa na jirani zake nyuma yake. Na jirani hachaguliwi kwa kabila wala kwa muda aliokaa.

Ndugu zangu, sisi hatuanzi na mikono mitupu. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walituachia jumuiya ndogo ndogo tangu miaka ya 1970, na kila Jumamosi alfajiri tunaketi kwenye mikeka ya jirani tukisoma Neno. Naomba tuongeze kitu kimoja. Baada ya sala, kabla ya michango, kila mmoja achukue nyumba mbili za kutembelea juma hilo, moja ya mwanajumuiya na moja ya mpangaji mgeni, Mkristo au Mwislamu. Aulize, asikilize, aturudishie alichosikia. Msisubiri nirudi. Anzeni Jumamosi hii.

Ndugu yenu katika Kristo.